Nani Anawaita Mchwa

Waithira aligonga fremu ya mlango wa chumba cha kulala, na fremu ikalia kama boksi tupu la viatu. Akagonga tena, mara hii chini kidogo, na kidole kikazama. Ndani ya mbao! Kidole kizima, mpaka kwenye pete. Alipokichomoa kilitoka na unga wa mbao na udongo mwekundu, na mchwa wawili weupe wenye vichwa vya kahawia wakaanguka sakafuni, wakakimbilia chini ya kitanda kana kwamba wao ndio waliopiga plasta.

"Ngai!" alisema, akaketi palepale sakafuni na leso yake ya kulalia.

Usimcheke. Nyumba hiyo ilikuwa maisha yake yote. Waithira alizaliwa Makongeni, kule Thika, watu saba katika chumba kimoja na choo cha kugawana na ploti nzima. Tangu amalize shule alikuwa kiwandani, Eneo la Viwanda, kwenye laini ya kumenya mananasi, mikono imeliwa na asidi ya matunda hadi ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto. Wenzake walinunua wigi na viatu. Yeye alinunua mawe na simiti. Nyumba ya Ruiru, nyuma ya Kamakis, iliinuka chumba baada ya chumba. Na kwa sababu alikua nyuma ya mlango wa bati, aliapa kwamba kwake kila kitu kitakuwa cha mbao: milango, dari, kabati za jikoni mpaka juu. Mumewe Makokha ni fundi wa kuchomelea mageti hapo Kamakis na alijitolea kuweka milango ya chuma. Waithira alimwambia milango ya chuma ni ya duka na ya jela.

Sasa mbao zenyewe zilikuwa zinaliwa, na yeye amekaa sakafuni akifikiri. Wala hakuwa akifikiria mchwa. Alikuwa akifikiria mama mkwe.

Krismasi mchwa hawakuwapo. Februari hawakuwapo. Mwezi wa tatu Mama Nafuna alishuka kutoka Bungoma kuja kutibiwa macho Thika, na sasa ni Aprili, kidole kinaingia kwenye fremu. Wewe ungefikiri nini?

Alikuja na gunia, huyo mama. Ndani mlikuwa na mahindi, njugu, blanketi kuukuu lenye harufu ya moshi, na kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Mahindi na njugu alimpa Waithira kwa mikono miwili. Kopo alilibeba mwenyewe hadi chumbani kwake. Kisha akatoka, akasimama katikati ya sebule, akaangalia dari kwa yale macho yake yenye ukungu.

"Nyumba ni nzuri," alisema. "Na ile ya nyumbani mtajenga lini?"

Maana kwao mwanamume akiwa na jumba mjini na kwa baba yake hana hata kibanda, huyo bado ni mtoto. Waithira alijua hilo, na alijua Makokha hulisikia kila anapoenda mazishi. Lakini kusimama chini ya dari yake na kumwambia hivyo! Neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na hakulitema wala hakulimeza.

Halafu kukaja maneno ya paleti. Nyuma ya jikoni Waithira alikuwa amepanga paleti kuukuu za mbao, za kupakilia mizigo, alizozitoa kiwandani mwezi wa kumi na mbili, nzuri kabisa, za kujengea banda la kuku ambalo Makokha alikuwa akiahidi kila Jumapili. Zilikuwa zimeegemea ukuta zikingoja. Hata wiki haijaisha, Mama Nafuna akasema, "Mama Lynn, hizi mbao zitolewe ukutani."

"Wacha tu, Mama. Ni za banda la kuku."

"Zitolewe. Si vizuri."

"Mama, nimesema ni za kuku," Waithira alijibu, akitabasamu kwa meno peke yake. Moyoni alisema: huyu anataka kuni. Leo atatoa paleti, kesho atatoa kabati.

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza. Ukitaka kuchunguza mtu utaona tu, na Waithira aliona. Aliona kwamba akirudi kutoka shifti, jikoni kuna madirisha wazi na harufu ya kitu kilichokaangwa, lakini sufuria zimeoshwa na kufunikwa. Aliona Makokha akipangusa midomo na kuanza kuongea juu ya mvua. Siku moja aliingia kwa mlango wa nyuma, na mama mkwe akavuta kanga akafunika kitu mapajani, haraka, kama mwanafunzi anayeficha simu. Mazungumzo yalikatika. Walikuwa wakiongea Kibukusu, wakanyamaza, wakaanza Kiswahili cha kumsalimia. Nyumba ni yake, na ananyamaziwa ndani yake! Iliuma, jamani.

Ni kweli kulikuwa na jambo la zamani. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Mama Nafuna alituma kopo kwa basi. Waithira alilifungua akitarajia samli, akaona miguu. Vitu vikavu, vya kahawia, vimejaa mpaka juu, kila kimoja na miguu. Alipiga yowe, akamwaga vyote kwenye pipa la taka, akatupa na kopo. "Ni kumbikumbi tu," Makokha alisema polepole. "Mama aliwatengeneza kwa mkono." Na yeye akajibu kwamba uchafu kama huo hautaingia katika sufuria yake. Makokha alitoka nje, na jambo hilo halikutajwa tena. Waithira aliliona limekwisha. Kumbikumbi aliwajua: ni wale wenye mabawa wanaojaa kwenye taa za barabarani mvua ikinyesha, wanaoangukia kwenye chai. Watu wengine hula, basi wale, kwao.

Wiki hiyo hiyo ya kidole na fremu, siku ya mapumziko yake, mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Waithira alikuwa bafuni akifua aliposikia mlio. Tu-tu-tu-tu, tu-tu-tu-tu. Kijiti juu ya kijiti, haraka na bila kupumzika. Ulitoka nyuma ya ua, kwenye ile ploti tupu isiyo na mwenyewe anayejulikana. Alipanda juu ya ndoo akachungulia dirishani.

Mama Nafuna alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi kando ya kichuguu kidogo kilichojificha nyuma ya tangi la maji. Alinyunyiza maji kutoka kwenye kikombe, akapiga vijiti, akaimba chini chini kwa lugha ya kwao. Na kando yake, Lynn! Lynn mtoto wa miaka mitano, likizo imempata bila kazi, amepiga magoti vilevile, naye anapiga kijiti chake. Kutoka kwenye matundu ya udongo mchwa walikuwa wakitoka. Wenye vichwa vya kahawia, walewale wa fremu. Walipanda juu ya vidole vya yule mama, na hakumuua hata mmoja. Aliwapuliza taratibu kana kwamba ni mavumbi, kisha akavuta lile blanketi lenye harufu ya moshi akafunika mahali pote, na Waithira hakuona tena kitu.

Alishuka kwenye ndoo, akaziacha nguo majini.

Jioni alimweka Lynn magotini. Mtoto humwita nyanya yake Kukhu, kama kwao Bungoma. "Mlikuwa mnafanya nini na Kukhu kule nyuma?"

Lynn aliangalia mlango, akaangalia vidole vyake. "Ni siri ya Kukhu."

"Siri gani? Hata mimi mama yako?"

"Kukhu alisema wewe hasa."

Wewe hasa! Waithira alimshusha mtoto magotini.

Asubuhi yake alimweleza Dianah, jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye ana saluni pale Kamakis na hana siri hata moja, ya kwake wala ya mtu mwingine. Dianah alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Aterere, nikwambie," alisema. "Maji, ngoma, wimbo. Na mchwa wanatoka. Huyo anaita kitu."

"Anaita kwa nini?"

"Si ulisema anataka kijana wake ajenge kwao? Hii ikianguka mtaenda wapi? Mimi sijasema kitu, Mama Lynn. Lakini mimi singelala."

Makokha naye aliulizwa. Alikuwa anavaa buti za kazi, akashikwa na kikohozi. "Achana na Mama," alisema. "Anajituliza tu na mambo ya nyumbani. Ni mzee, haoni vizuri."

"Anajituliza na mchwa? Na milango yangu inaliwa?"

"Nimepigia fundi wa dawa, anakuja Jumamosi. Achana na Mama, tafadhali." Hakumwangalia machoni, akafunga kamba za buti mara mbili mbili.

Kwa hivyo na yeye anajua. Waithira aliliweka hilo moyoni. Fundi anaweza kupuliza ndani mpaka kesho kutwa, lakini kama kuna mtu nje anawaita kila mvua ikinyesha, ni kazi bure. Akapiga moyo konde. Alipita agroveti ya Ruiru mjini, duka la dawa za shamba, akanunua chupa ya kahawia yenye picha ya fuvu. Muuzaji alimwambia changanya na maji, mwaga kwenye shimo, weka watoto mbali, nawa mikono. Aliitia chini ya vitambaa vya kiwandani ndani ya mkoba, akaingia nayo nyumbani kama mwizi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya shifti, Mama Nafuna akiwa anamwogesha Lynn, Waithira aliichanganya dawa kwenye ndoo ya kupigia deki. Ilinuka, ikamchoma pua. Alizunguka nyuma ya ua, akamimina kwenye kila tundu la kile kichuguu, taratibu, mpaka udongo ukakataa kunywa. Aliisuuza ndoo, akamuaga mama mkwe kwa heshima zote, akambusu mtoto, akaenda Thika. Nikwambie ukweli, alikuwa na furaha. Laini nzima ya mananasi ilimsikia akiimba.

Mchana walikaa kivulini na mabakuli ya githeri, yeye na Nzisa, mwanamke wa Kitui anayefanya naye kazi kwenye meza moja. Waithira alimsimulia yote, vijiti, maji, blanketi, siri, akitia chumvi hapa na pale. Alipofika kwenye wimbo Nzisa alikuwa amejishika mbavu.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe! Wui, watu wa Thika. Huyo hawaiti waje wale nyumba yako. Anawaita awale yeye."

"Ale mchwa?"

"Kumbikumbi. Unapiga vijiti na kunyunyiza maji wafikirie ni mvua, watoke. Unafunika na blanketi wasiruke. Nyanya yangu alikuwa akifanya hivyo."

"Lakini waliotoka ni mchwa, Nzisa, niliwaona. Kumbikumbi wana mabawa."

Nzisa aliacha kucheka, akamwangalia vizuri aone kama ni mzaha. "Wewe. Kumbikumbi ni mchwa. Ni nyumba moja. Wale wa vichwa vya kahawia hutangulia kulinda mlango, halafu wenye mabawa wanatoka. Ulidhani wanatoka wapi, mbinguni?"

Waithira alidhani hivyo. Ni aibu kusema, lakini miaka yote hiyo alidhani wanakuja na mvua, kutoka huko mvua inakotoka. Alifungua mdomo, na kijiko kikabaki hewani. Harufu ikatangulia kumrudia: madirisha wazi, kitu kilichokaangwa. Kanga juu ya mapaja. Makokha akipangusa midomo. Hawakuwa wakimficha uchawi. Walikuwa wakimficha chakula, kwa sababu ya lile pipa la taka.

Na asubuhi ile yeye alikuwa amekimwagia sumu kile kichuguu.

"Mama Lynn? Umekuwa mweupe."

Lynn. Lynn hula chochote anachopewa na Kukhu.

Alipiga simu ya mama mkwe, ile kabambe ya vitufe isiyokaa na chaji: mteja hapatikani. Alimpigia Makokha, iliita mpaka ikakatika, maana mtu akichomelea chuma hasikii simu. Akapiga tena, na tena. Alimpigia Dianah, na Dianah alikuwa na kichwa cha mtu mkononi huko Kamakis, hakushika. Basi akavua aproni, akaitupa mezani bila kumuaga msimamizi, akatoka mbio mpaka kwenye geti na kumshika mwenye bodaboda begani. "Ruiru," alisema. "Usiniulize bei." Njia nzima aliomba. Aliomba Mungu amfanye mama mkwe kuwa mchawi kweli, ilmradi asiwe mwenye njaa.

Geti lilikuwa wazi. Hakukuwa na mlio wa vijiti.

Kwenye veranda, juu ya mkeka, Lynn alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, vidole vinang'aa mafuta. Waithira hakuona kitu kingine. Alimrukia akamtikisa, "Lynn! Lynn! Amka! Lynn!" na mtoto akafumbua macho na kuangua kilio cha mtu aliyekatizwa usingizi mtamu.

"Amekula nini? Mama, huyu amekula nini?"

Mama Nafuna alikuwa ameketi kwenye kigoda penye kivuli, ungo mapajani. Hakuinuka.

"Amekula ugali na mboga iliyobaki jana," alisema. "Kwa nini?"

Waithira alimkumbatia mtoto, akihema.

"Mtoto hulala hapo kila siku saa kama hizi. Hujawahi kuja. Leo umetoka kazini kabla ya saa, umeruka juu yake hata hujanisalimia. Kwa nini, Mama Lynn?"

Ndipo Waithira aliangalia ungo. Ulikuwa umejaa kumbikumbi, mabawa yao bado yamewashika, wameloa, wamekunjamana.

"Usile, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Hawa? Hawa hata kuku simpi. Nimewakuta wamekufa mlangoni kwao, wote. Macho yangu ni mabovu lakini pua haijaugua." Aliuweka ungo chini kwa uangalifu. "Muda wote huu nimekaa hapa nikijiuliza. Nikasema labda ni mwenye ploti. Nikasema labda ni yule jirani wa nywele. Wewe sikutaka kukuweka kwenye hesabu hiyo. Halafu umeingia hapo mbio, ukamshika mtoto. Sasa najua ni nani."

"Mama, sikujua!"

"Hukujua nini?"

"Sikujua unawala!"

Mama Nafuna alimgeukia. "Kopo langu ulilimwaga mwaka ule. Ulilifungua, ukaona, ukamwaga. Mwanangu alikwambia ni nini. Kwa hivyo ulijua nawala."

Nani angemwamini? Waithira alijaribu hivyo hivyo, machozi yakimtoka, akimpakata mtoto anayelia: kwamba hakujua kumbikumbi ni mchwa, kwamba alidhani wanakuja na mvua, kwamba aliona mchwa wakimpanda mikononi na hawaui, na milango inaliwa, na yale maneno ya kujenga nyumbani, na siri ya Lynn, na blanketi. "Nilidhani unawaita waje wale nyumba. Nilidhani unataka ianguke. Mungu wangu, Mama, nilitaka kuua mchwa, sikutaka kukuua wewe!"

Aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka, yalisikika kama uongo wa mtoto. Mwanamke mzima, mwenye cheti cha shule ukutani, hajui mchwa anavyoota mabawa.

Mama Nafuna aliinuka, mkono kwenye goti. "Njoo," alisema.

Alimpeleka nyuma ya jikoni. Alishika paleti ya kwanza akaivuta, na nusu yake ya chini ikabaki ukutani, ikamwagika kama unga wa wimbi. Nyuma yake njia za udongo zilipanda ukutani, nene kama vidole, tatu, nne, zikaingia kwenye fremu ya dirisha la jikoni na kupotelea huko darini. Udongo ulikuwa umekauka na kuwa mgumu. Si wa jana, wala wa mwezi wa tatu.

"Nilikwambia zitolewe ukutani," mama alisema. "Ukaniambia ni za kuku."

Waithira aliangalia paleti zake nzuri, alizozibeba mwenyewe kutoka Thika, akazipanga mwenyewe, akazitetea mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke. Kule nyuma ya tangi, kichuguu cha watu kilikuwa na mambo yake, hakikuhusika kabisa. Nyumba hii aliilisha mchwa kwa mikono yake miwili.

Walirudi verandani. Mama Nafuna aliingia ndani, na Waithira alimsikia akifungua kifuniko cha kubana, kisha sufuria, kisha mafuta. Alikaa huko kitambo. Lynn alinyamaza, akalala begani. Alipotoka, mama alikuwa na sahani ya bati mkononi. Kumbikumbi, wamekaangwa, wanang'aa chumvi, bila mabawa. Aliiweka juu ya mkeka, akakaa upande wa pili.

"Kula," alisema.

Waithira aliangalia sahani. Aliangalia ungo, uliokuwa palepale alipouacha, wenye wale waliokufa. Je, ulikuwa umejaa vilevile? Au umepungua? Hakukumbuka. Wakishatolewa mabawa na kukaangwa, nani atajua yupi ni yupi? Alimwangalia mama mkwe, na uso wa mama mkwe haukuwa na kitu, macho mawili tu yenye ukungu yakingoja.

"Ni wa lini, Mama?" aliuliza.

Mama Nafuna hakujibu.

Waithira alinyoosha mkono. Alichukua wawili watatu kwa ncha za vidole, akafumba macho, akatia mdomoni. Walivunjika chini ya meno, kisha yakaja mafuta, na chumvi, na ladha ya njugu kwa mbali. Alimeza. Akabaki amefumba macho, akisikiliza tumbo lake.

"Ni wa juzi," Mama Nafuna alisema hatimaye. "Wa kopo." Naye akachukua kwa kiganja, akala.

Lynn alikuwa ameamka. Aliona sahani, akachangamka, akanyoosha mkono, na kabla Waithira hajafikiri lolote mkono wake mwenyewe uliruka ukaushika ule wa mtoto juu ya sahani. Aliushika kwa nguvu, mpaka mtoto akaguna.

Mama Nafuna aliacha kutafuna.

Waithira aliona alichofanya. Aliufungua mkono wake, kidole hiki, kisha kile, na Lynn akachota, akajaza mashavu, akamtabasamia mama yake, kwa mara ya kwanza siri ile ikiwa yao wote.

"Tangu nije hapa," Mama Nafuna alisema, bila hasira, akiangalia kule barabarani, "chai nakunywa ya mkono wako. Ugali nakula wa mkono wako. Dawa ya macho wewe ndiye unanitilia, mimi sioni hata chupa. Hata siku moja sijakuuliza ni ya lini."

Makokha angerudi jioni, na ingebidi aambiwe, na Mama Nafuna ndiye angechagua maneno. Waithira alisogea karibu na sahani, akachukua tena, wengi zaidi, akala akiwa amefumbua macho.